Kilo za Katibu

Tulimshusha mdogo wangu kutoka kwenye ndege akiwa hai. Rubani alishika mabega, mimi miguu, ule uliopondwa na gogo nimeuegemeza kifuani. Kwenye nafasi yake akapanda katibu wa chama.

Nirudi nyuma kidogo. Sisi ni watu wa Mhunze, huko Shinyanga. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa tulikwenda kisiwa kimoja cha upande wa Geita, kupasua mbao na kukata magogo ya kuzuia mashimo ya dhahabu yasibomoke. Hospitali ilikuwa kisiwa kingine, Ukerewe. Kwa mtumbwi ni mchana na usiku, Mungu akipenda. Kwa ndege ndogo ya misheni, uwanja hadi uwanja, ni nusu saa na kidogo. Hata uji ungefika wa moto.

Uwanja wetu ulikuwa mfupi, mwisho wake maji. Kwa hiyo kila abiria alipimwa uzito, na mizani ya kisiwani ni ile ya pamba, ya kuning'iniza. Unakaa kwenye gunia kama mtoto wa kliniki, karani wa pamba anasoma. Karani yule tulimjua kwa kupunja wakulima kila msimu. Mdogo wangu alipoinuliwa, jasho linamtoka, akaniambia, "Kaka, mwangalie huyo asinikate kilo." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka.

Tulikuwa tumeshamlaza ndani ndipo katibu akatokea na mkewe, suti imenyooshwa, wanakwenda harusini Ukerewe. Mkewe alipimwa bila neno. Yeye akalitazama gunia.

"Mimi si pamba," akasema. "Andika sabini."

Karani akaandika sabini. Mtu yule tumbo lilitangulia, mwenyewe akafuata. Rubani akamtazama, akatikisa kichwa, akasema kwa uzito asioujua haruki, mmoja abaki. Katibu akasema basi mgonjwa angoje, ndege itamrudia, nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, kuna nini hapo. Angepimwa, labda wote wangetosha. Sijui. Hakupimwa.

Rubani alijua, kama anavyojua kila mtu wa ziwani, kwamba masika mvua hufunga anga mchana, ndege isiweze kurudi. Hata hivyo akaja kunisaidia kumbeba. Mdogo wangu akanishika mkono: "Nduhu mhayo, kaka." Hakuna neno.

Mawingu yalifunga kabla ya adhuhuri. Tulikaa chini ya turubai kando ya uwanja, namfukuzia nzi, masikio juu. Kila mashine ya mtumbwi ikilia, nasimama. Alikata roho jua linazama. Ndege ilikuja kesho yake, rubani akakuta tumeshamfunga shuka.

Katibu sasa amestaafu, anaishi Kambarage, mjini Shinyanga. Juzi nilipita barazani kwake nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikaondoka. Karani ana duka Kagongwa. Rubani alirudi kwao.

Pole zao sizitaki. Nataka katibu aniambie mbele ya watu, gunia lile lingempunguzia nini, gunia alilokalia mkewe. Na karani aseme ile sabini aliisoma wapi. Shule yangu ni darasa la tatu tu, lakini wakijibu nitaelewa.