Mwonja Visima wa Njia ya Kaberebere

Mimi shule niliacha darasa la pili, nikaenda kuchunga mbuzi za mjomba. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kisa hiki nimekitoa kitabuni. Kitabu nilichomaliza maishani ni kimoja tu, na hicho kiko kanisani. Haya niliyaona kwa macho haya mawili, mchana, jua likiwa utosini, bila pombe na bila homa. Kama unataka mizimu ya usiku, nenda kwa wengine. Wangu alikuja saa sita.

Nilifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale kutoka Kivu ya Kusini na panga moja na bibi mmoja, mke wangu. Leo niko na duka la mbegu hapa Mbarara, na bibi ni yule yule. Nasema hivyo ujue ni nani anaongea. Mimi si mtu wa kutishwa na vumbi.

Mwaka ule wa kiangazi kikali tulikuwa bado Rubondo, upande mmoja wa kambi. Pampu za upande wetu zilikuwa zimekufa, tukawa tunachota ziwani, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mama Neema, bibi yangu, akashikwa na tumbo. Alihara na kutapika mpaka macho yakaingia ndani. Muganga wa zahanati alisema dawa anayo, lakini bila maji safi, tena mengi, dawa ni bure.

"Ukichelewa mpaka kesho, mzee, usinilaumu," akasema.

Mama Neema alinisikia ninavyohema. Akafungua jicho moja. "Baba Neema, usitafute mbao za sanduku bado. Ulete mayi kwanza." Ndivyo alivyo. Hata akifa atanipangia kazi.

Nikapanda baisikeli alfajiri mpaka Kaberebere, kwenye bomba. Nilikuwa na jerikani moja. Ya pili aliniazima mfuga ng'ombe mmoja wa pale, Munyankole, mtu tuliyekuwa tunauziana mahindi. Ilinukia sabuni. Nikafurahi, nikasema hawa ni batu ba usafi. Nikajaza zote mbili, nikazifunga nyuma kwa mpira wa tairi, nikageuza.

Jua lilinikuta pale miti ya miiba inapoanza, kabla hujaona nyumba hata moja. Upepo ulikatika ghafla. Ndege walinyamaza. Kivuli changu kiliingia chini ya miguu yangu, kikapotea. Na katikati ya njia alisimama kijana.

Alivaa kaptula pana ya kaki, miguu imezungushwa vitambaa mpaka magotini, na kofia nyekundu ndefu kichwani. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama tope la ziwa likikauka.

"Jambo, mzee. Unabeba nini?"

"Kwani huna macho? Ni maji. Na wewe umevaa nini? Kuna sherehe ya shule Isingiro?"

Hakucheka. "Teremusha. Mimi naonja."

Kiswahili chake kilikuwa cha askari wa zamani, kile cha amri. Nilitaka kupita. Lakini kwetu mtu akikuomba maji njiani humpiti, hata kama una haraka ya kifo. Na kuna jambo jingine la kwetu: humpi mgeni maji wala pombe kabla hujanywa wewe mwenyewe mbele yake, aone hakuna sumu. Baba yangu alinizaba kofi kwa kusahau hilo mbele ya wageni, na shavu hili bado linakumbuka. Basi nikafungua ile jerikani ya kuazima, nikamimina kidogo kwenye kikombe changu cha bati, nikakipeleka mdomoni.

Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya moto kama sufuria iliyosahauliwa mekoni.

"Hapana, mzee. Mimi kwanza."

"Kijana, kwetu mwenye maji ndiye anakunywa mbele."

"Kwa jeshi ya Kingi, mbele ni mimi. Kila kisima, mimi. Ndio kazi yangu."

Nikamtazama tena. Jeshi ya Kingi? Kingi gani, mfalme yupi, na sisi tuko na simu za tochi mfukoni? Hapo nikakumbuka kwamba nilishasikia habari hizo. Baba yangu alikuwa askari wa Wabeleji. Waliwavusha yeye na wenzake upande wa Sudani kumsaidia Mwingereza kumpiga Mwitalia kule Habeshi. Alirudi na vidole vya mguu vimepungua, na jioni akikaa alisema kitu kimoja: vita ya jangwani si ya bunduki, ni ya maji. Mwingereza, alisema, alijua visima vyote kwa majina kabla ya kujua adui yuko wapi. Lakini Mwingereza hakushuka kisimani yeye. Alishusha mtu.

"Ni wewe ulishushwa?" nikamuuliza.

"Bwana mukubwa alisema, wewe koplo, ulimi yako iko muzuri. Basi. Somali, Sudani, Habeshi, Libya, jangwa yote. Adui anakimbia, anatupa ngamia imekufa ndani ya kisima. Ingine anatia mafuta, ingine chumvi. Jeshi yote inasimama, mimi naonja. Nikibaki nasimama, wao nakunywa. Nikianguka, wao nakwenda mbele."

"Na ulianguka?"

"Mara moja," akasema. "Hiyo kazi, mara moja inatosha."

Kisha akachukua kikombe, akalowesha ulimi, akatema. "Iko mbaya. Mwaga."

"Nimwage? Hayo ni maji ya bibi yangu, yuko kufani."

Hakubishana nami. Alisukuma jerikani kwa mguu, ikalala, ikaanza kukoroma maji njiani. Niamini, nilisahau uoga wote. Nilimrukia, nikamkamata ukosi wa shati kwa mikono miwili. Na nilichokamata kilikuwa mchanga. Mweupe, wa moto, ukanichuruzika katikati ya vidole. Udongo wa Isingiro unaujua, ni mwekundu. Mchanga ule haukuwa wa kwetu.

Nilipoinua macho, hakuwa peke yake.

Njia yote nyuma yake ilijaa watu mpaka jicho linapoishia. Nikwambie nini nawe uniamini? Kulikuwa na weusi wa kofia nyekundu kama yake, na wengine wa kofia pana zilizokunjwa upande mmoja. Kulikuwa na Wahindi wa vilemba, na Wazungu wenye shingo zilizobabuka. Kulikuwa na ngamia wamebeba mapipa matupu, na wapagazi peku wenye mizigo vichwani, wa vita vya kabla baba yangu hajazaliwa. Vita vyote vya jangwa vya yule Kingi, na vya Kwini kabla yake, vilikuwa vimepangwa mstari mmoja katika vumbi la Nakivale. Hakuna aliyekanyaga kwa sauti. Wote walikuwa wanamtazama koplo.

Koplo aliinua mikono, akaipishanisha juu ya kichwa. Na jeshi lile lote likatoa sauti moja, kama upepo ukipita kwenye mdomo wa kibuyu. Hapo nilielewa. Walikuwa wanasubiri jibu, na jibu lilikuwa lile lile tena: maji mabaya. Nilipiga magoti. Mimi, ambaye sikuwapigia magoti hata wale walionichomea nyumba.

Akaonja jerikani ya pili, ile yangu. Akafumba macho muda mrefu.

"Hii iko sawa."

Mstari wote ulisogea hatua, kisha ukasimama. Maji yalikuwa mbele yao, na mimi ni mzee mmoja na baisikeli. Nani angewazuia? Hakuna aliyekuja.

"Iko ya mugonjwa," koplo akasema. "Askari hapana kunywa maji ya mugonjwa. Peleka kwa mama."

Ningekwenda. Lakini yule kijana alikuwa ameonja tu, hakumeza, na mgeni haachwi hivyo. Nikamimina kikombe, nikanywa nusu mbele yake, taratibu, aone koo langu likishuka. Nikampa nusu iliyobaki.

"Sasa wewe ni mgeni wangu. Unywe, usionje."

Alikitazama kikombe. "Hakuna mutu alikunywa mbele yangu."

"Toka lini?"

"Toka kisima ya kwanza."

Akanywa yote. Nilisikia yakishuka, kama maji yakimwagwa kwenye jiwe la moto. Akaketi chini, akafungua vile vitambaa vya miguu, akavikunja mkononi. "Kwetu iko pale," akasema, akaonyesha vilima vya Isingiro. Akaacha njia, akapita katikati ya miiba kama mtu anayejua kichochoro cha nyumbani, akaenda.

Jeshi lilibaki. Na sasa wote walikuwa wananitazama mimi. Mzungu mmoja wa mbele, midomo imekauka, aliinua kidole taratibu, akaninyooshea. Kisha upepo ukarudi, vumbi likapita, na njia ikawa njia.

Mama Neema alikunywa maji yale usiku kucha, kijiko kwa kijiko. Asubuhi aliniuliza, "Na ile bidoni ingine iko wapi?"

"Ilimwagika njiani."

"Mwanaume muzima," akasema, akageukia ukuta. Nikajua amepona.

Nilirudi pale. Pale maji ya jerikani ya kuazima yalipomwagika na kukauka, ndege walikuwa wamelala, miguu juu. Mfuga ng'ombe, nilipombana, alishika kichwa. Jerikani ile ilikuwa ya dawa ya kupe. Mkamwana wake aliiosha kwa sabuni ikanukia vizuri, akadhani imepona.

Miaka ilipita, tukahamia Mbarara. Kuna mzee Msomali ana hoteli ya chai karibu na stendi ya mabasi. Siku moja nilimsimulia. Aliweka birika chini.

"Babu yangu alitupa ngamia kisimani, jeshi la Kingi lisinywe," akasema. "Ngamia wake mwenyewe, aliyemlea toka ndama. Kisima kilikuwa chetu, mzee. Unafikiri tulifurahi kukiharibu? Na sisi tuliobaki na kisima kile, nani alituita tuonje?"

Akamimina chai, akanywa yeye kwanza mbele yangu, kisha akanipa.

Toka siku ile ya koplo ulimi wangu si wangu. Maji yenye ubaya nayajua yakigusa tu mdomo, hata kama yanang'aa. Wakichimba kisima kipya Rubondo hunipigia simu, "Mzee, kuja uonje," nami napanda gari nakwenda. Naonja na watu wamesimama mbele yangu na ndoo zao. Lakini kila mara, nikiinua kikombe, nasikia nyuma yangu miguu mingi ikisimama. Sigeuki.

Wewe unayepita njia ya Kaberebere mchana, beba maji. Kijana akikuomba, usimkatalie. Akikushika mkono, mwache aonje. Akikuambia mwaga, mwaga, hata kama mama yako yuko kufani. Na siku utakaposikia kwamba mimi nimeanguka, jihadhari na anayekunyooshea kidole. Kazi ile itakuwa wazi tena, na wale watu bado wana kiu.