Meli ya Ruvuma imeniitikia

Nikasema "shikamoo", meli ikaitika "marahaba!"

Nimekimbia jamani. Sikugeuka.

Ile meli ya chuma ya Mjerumani, iliyozama zamani hapa mtoni Ruvuma, nusu yake ikabaki nje ukingoni. Wazee wanasema ukiipita bila kuiamkia, mto unakuchukua. Mimi huwa naiamkia kimoyomoyo, ila leo nilikuwa peke yangu, nikatoa sauti.

Mara nasikia kicheko. Kumbe Mama Somoe, anatoka nyuma ya lile lichuma na beseni la nguo. Mama mzazi wa Somoe, yule binti ninayetaka kumwoa.

"We kijana! Mwanamume gani anakimbia salamu?"

Nikarudi, macho chini. "Shikamoo mama."

"Marahaba nimeshakupa. Unataka ngapi?"

Toka msimu wa korosho natafuta la kumwambia huyu mama, na leo pia sikulipata.

Akajitwika beseni lake. "Mwambie mjomba wako aje. Wewe kuongea huwezi."

Nyie mngekimbia au mngesimama? Semeni kweli.

Mimi naishia hapa, nawahi Makote kwa mjomba kabla mama hajaghairi.