Kinga ya Makaa ya Betri

Mama aliyeuza ndizi za kupika mbele ya kibanda changu cha kutengeneza redio, kule Ilemela, alikuwa na redio ya plastiki. Kila mchana aliifungulia matangazo ya vifo. Mama yake mzazi alikuwa hoi kitandani, Kagera, ng'ambo ya ziwa, na simu hakuna. Ndugu zake walikuwa wamemwambia, "Likitokea la kutokea, tutakutangazia redioni." Basi alikuwa akingoja kusikia jina lake.

Tatizo lilikuwa fundi cherehani, jirani yetu. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, maduka ya mjini yakajaa vitu, naye akanunua mota ya kufunga kwenye cherehani. Kila alipokanyaga, redio ilikoroma na majina yakapotea.

"Fundi, nifanyie kitu," mama aliniambia. "Hapa katikati wametaja Kagera. Ni nani, sikusikia."

Alikaa, akasimama, akapanga ndizi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Mimi pia sikutulia. Nilikuwa kijana niliyeishia darasa la saba, mwenye haya, na kumwambia mtu mzima azime mota yake sikuweza. Niliona afadhali kuhangaika na redio.

Fundi aliyenifundisha kazi, huko Magu, alisaga kile kijiti cheusi cha katikati ya betri iliyokufa, akachanganya unga wake na gundi, akapaka ndani ya kasha la plastiki. Rangi hiyo ikikauka hupitisha umeme. Ukiifunga kwa waya kwenye upande hasi wa betri, makelele ya nje yanaishia kwenye kasha. Nami nikafanya hivyo.

"Hiyo nyeusi ni nini?" mama akauliza.

"Kinga, mama."

Akarudi nyuma. "Kinga? Baba, mimi ni mtu wa kanisa! Nimeomba redio, sikuomba mganga."

Fundi cherehani akaacha kushona ili acheke vizuri. "Jifunge nayo kiunoni, mama, wachawi wasikusogelee!"

Nikafunga kasha haraka, nikawasha. Mkoromo haukuwapo. Mtangazaji naye hakuwapo.

"Kinga kali hiyo," fundi cherehani akasema. "Imefukuza hadi wenye nyumba."

Nilikuwa nimepaka kila mahali, na antena ya redio ile ilikuwa humo humo ndani. Nilikuwa nimeizibia masikio. Na saa ya matangazo ilikuwa inakaribia, mama ameshika kichwa. Nikakwangua rangi yote, na wakati nakwangua nikaelewa kwamba anayestahili kufungiwa ni yule anayepiga kelele. Maana yake ilinibidi nivuke njia hadi kwa fundi cherehani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kuniroga na mimi?"

"Naomba niivalishe mota yako kinga," nikasema, macho chini. "Mama anangoja habari za mama yake."

Hakucheka tena. Alijua mama anauguliwa, hakujua kwamba ni mota yake inayofunika majina. "Si ungesema?" akaniambia. "Ungesema tu, bwana mdogo."

Nikakata dumu la mafuta ya kula, nikalipaka ndani makaa yaliyobaki, nikaacha matundu ya hewa na nafasi ya mkanda, nikaifunika nalo mota, nikaunganisha waya na chuma cha cherehani. Akakanyaga. Redioni ukabaki mlio mwembamba kama wa mbu, na juu yake sauti ya mtangazaji, neno kwa neno.

Mama alisikiliza majina yote, ya marehemu na ya wanaotangaziwa. Lake halikutajwa. Siku iliyofuata vilevile, na iliyofuata. Nilidhani atatulia, lakini alizidi kuzunguka meza yake. Siku moja aliizima redio matangazo yakiwa katikati.

"Mwanzo nilisema labda wametaja jina langu, makelele yamelifunika," akaniambia. "Sasa nasikia vizuri. Mama yangu yu hai, na mimi nimekaa hapa nangoja aitwe marehemu."

Akamwachia fundi cherehani ndizi amwuzie, akajifunga kanga, akashuka bandarini kuulizia meli ya Bukoba.