Friji ya Glenys Horrocks

Kwa miaka thelathini na mmoja Glenys Horrocks aliwapikia watoto wa shule mjini Bacup, na jiko lililomshinda halikuwepo. Alipofikisha miaka sitini na tisa, friji ya karavani yake ikafa. Karavani hiyo ni kile kinyumba cha magurudumu ambacho yeye na marehemu mumewe, Wilf, walikuwa wakikivuta kwa gari kila kiangazi. Shemeji yake, Desmond, akaona sasa ndio mwisho wa safari.

"Uza, shemeji. Nimeshakupatia mnunuzi, anakuja Jumamosi."

"Nani kakwambia nauza?"

"Bila friji hicho ni kibanda cha kuku. Na Wilf hayupo wa kukitengeneza."

"Wilf? Wilf alikuwa ananishikia tochi!"

Wakapatana. Glenys atanunua friji mpya na kuifunga mwenyewe. Ijumaa jioni ikiwa inagandisha, mnunuzi asije. Isipogandisha, Glenys atatia sahihi ya kuuza.

Ijumaa asubuhi Bwana Pilling, fundi wa gesi mwenye kibali, alifunga mtungi na kufungua bomba. Gesi Glenys hakuigusa. Hiyo ilikuwa kazi ya Pilling. Mengine yote yalikuwa yake. Alitoa skrubu zilizofichwa chini ya vifuniko vya plastiki, akatandika shuka kuukuu sakafuni, akaivuta friji ya zamani taratibu kama mtu anayemtoa ng'ombe zizini. Mpya ilikataa kupita mlangoni. Akaung'oa mlango wa friji yenyewe, akaupeleka ndani kwanza, kisha mwili wa friji ukapita kwa nafasi ya vidole viwili.

"Nimeona wanaume wazima wakiukata ukuta kwa msumeno hapa," Pilling alisema.

"Hawakupima, hao."

Pilling akaunga bomba, akaangalia kipimo chake cha gesi. Mshale haukutikisika: gesi haikuvuja. Akawasha moto, akanywa chai, akaenda zake.

Saa tisa alasiri Desmond alifika, akatia kidole kwenye chupa ya maziwa iliyokuwa ndani ya friji.

"Haya ya kuogea?"

Glenys alitoka nje, akaweka kiganja karibu na matundu ya hewa nyuma ya friji. Joto lilikuwepo, kwa hiyo moto ulikuwa unawaka. Baridi basi ilikwenda wapi? Akarudi ndani, akaweka chungwa mezani apate kufikiri. Chungwa likabiringika mpaka ukingoni, likaanguka.

Alicheka hadi akashika mbavu.

"Umechanganyikiwa?" Desmond aliuliza.

"Tumeegesha kwenye mteremko, mjinga mimi!"

Friji ya aina hii haina mota. Moto huchemsha maji ya dawa ndani ya mabomba yake, na mabomba yakiinama, maji hayazunguki. Kwenye uwanja wa kupiga kambi, kabla hata ya birika kuwekwa jikoni, kila mtu husawazisha karavani yake. Nyumbani hakuna anayekumbuka, maana nyumbani hakuna anayelala humo.

Akaizima, akachukua pimamaji, akailaza ndani kabisa ya friji, si sakafuni. Akatoka, akazungusha mpini wa gurudumu la mbele, ule unaoinua na kushusha karavani, akaingia kutazama, akatoka tena. Mara sita. Desmond alijitolea kuzungusha.

"Wewe kaa. Ukitaka, shika tochi."

"Mchana huu?"

"Basi kaa tu."

Akaiacha itulie nusu saa, akaiwasha tena.

Saa mbili kasoro jioni, jua la Juni, ambalo huko huchelewa kutua, likiwa bado juu ya vilima, Desmond aliukandamiza mche wa siagi kwa dole gumba. Haukubonyea. Akakandamiza tena, mara hii kwa nguvu zote, kisha akajifuta kidole kwenye suruali.

"Imegandisha," alisema kwa sauti ndogo.

"Sijasikia, shemeji."

"Imegandisha!"

"Haya, mpigie mnunuzi wako. Hapahapa, mbele yangu. Na umwambie friji kaifunga nani."