Zdravka na Ukurasa wa Bilyana

Zdravka Palazova alianza kumwonea Bilyana gere siku aliyomsikia Ognyan akimwambia mgeni mmoja, "Muulize Bilyana." Maneno mawili tu, tena yalitoka kwenye mdomo uliojaa banitsa, ule mkate wetu wa jibini, lakini yalimkwama Zdravka kooni kama mwiba wa samaki. Kwa miaka yote tuliyokutana sisi wa mradi pale mjini Plovdiv, aliyekwama aliambiwa, "Muulize dada Zdravka." Hakukuwa na jina jingine.

Na tumpe haki yake kabla hatujamsema, maana watu wepesi wa kusema. Vrabche, yaani Shomoro, ni mfumo endeshi mdogo wa kuendeshea vifaa vidogo: mita za maji, mizani ya mizinga ya nyuki, mitambo ya kupoza vitalu vya nyanya. Ni programu huria. Anayetaka anachukua, anayeweza anarekebisha, na hakuna anayelipwa. Ognyan, aliyeuanzisha, ni fundi hasa, lakini kueleza hajui wala hataki. Mwongozo wake wa kwanza ulikuwa na sentensi moja: "Soma programu yenyewe." Lo! Mgeni asome programu yenyewe! Zdravka ndiye aliyekaa kitako akaandika ukurasa baada ya ukurasa, mpaka mtu aliye mbali huko asikokujua aweze kununua bodi yake ndogo ya saketi, afuate hatua, na aone taa ikiwaka na kuzima. Kwetu sisi, taa hiyo ikiwaka mgeni ameshapiga hodi na kukaribishwa.

Mchana Zdravka alikuwa na kazi yake kwenye kiwanda cha majiko ya umeme, akiandika vikaratasi vya "usimwagie maji kifaa hiki," vikaratasi ambavyo watu hutupa pamoja na boksi. Alivichukia. Ndoto yake ilikuwa moja na sote tuliijua: siku moja atokee mtu wa kumlipa autunze mwongozo wa Vrabche, avipungie mkono vile vikaratasi. Alisubiri. Miaka ikapita, nywele zikaanza kuingia mvi, na mtu huyo hakutokea. Akatokea Bilyana.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyosema Bilyana alipoingia Alhamisi moja kwenye chumba chetu cha mtaa wa Kapana, juu ya duka la fundi viatu. Msichana wa milimani, wa Smolyan, mcheshi, hachoki. Sisi wengine tulipona kweli. Mgeni akiuliza swali kwenye gumzo la mradi, kabla Zdravka hajavaa miwani Bilyana ameshajibu, tena kwa upole, na mgeni ameshashukuru kwa vicheko. Zdravka alisoma zile shukrani moja moja, zote. Akawa anafungua gumzo kazini, anafungua kwenye foleni ya sokoni, kutazama tu leo nani kamshukuru nani.

Halafu Bilyana akauandika upya ukurasa wa kuanzia. Huo hasa! Ukurasa wa kwanza wa Zdravka, wa kuwasha taa, mtoto wake wa kwanza. Akauleta kama pendekezo, kwa utaratibu wetu: kila badiliko la mwongozo huwekwa hadharani, mtunzaji analikagua, akiridhika analipitisha. Na mtunzaji alikuwa mmoja.

Zdravka aliusoma akitafuta kosa. Akausoma tena. Ulikuwa mzuri, mwenzangu. Ulikuwa mwepesi kuliko wake, na pale ambapo wake uliwaacha watu njia panda, huu ulimshika mgeni mkono ukamvusha. Wivu ukampanda mpaka masikio yakawaka moto. Angekuta upuuzi angecheka akaupitisha na kuurekebisha kwa huruma. Uzuri ndio uliomtia wazimu.

Akaanza kukagua. Koma hii iondoke. Kichwa hiki kirefu. Picha kubwa mno. Neno "rahisi" halifai, nani kakwambia ni rahisi? Bilyana alirekebisha yote siku ile ile na kuandika, "Asante dada, nimejifunza." Zdravka akaja na mengine. Picha sasa ndogo mno. Koma irudi. Bilyana akairudisha. "Asante dada." Ile "asante dada" ilimchoma kuliko tusi. Akaandika, "Tuwe makini, hii si daftari ya shule," akabonyeza kutuma, na moyo ukatulia kidogo.

Mwisho hoja zikamwishia. Kulikataa pendekezo waziwazi hakuthubutu, angeulizwa sababu. Akanyamaza. Na hapa lazima mjue jambo letu moja: tuna mtambo wa kufanya usafi, na pendekezo likikaa muda bila mtunzaji kujibu, mtambo unalifunga wenyewe. Haulaumiwi mtambo, na mtunzaji naye anaonekana alikuwa na shughuli tu.

"Dada, ule ukurasa wa Bilyana umefikia wapi?" Ognyan alimuuliza Alhamisi moja.

"Naujaribu hatua kwa hatua kwenye kompyuta isiyo na kitu. Si unajua mimi siendi haraka haraka."

"Sawa, wewe ndiye mwenye nyumba."

Hakuwa anajaribu chochote. Bilyana alikuwa meza ya pili, akasikia, akainama kwenye kompyuta yake bila kusema neno. Zdravka aliuona ule ukimya akaona raha, na namwambia hivyo usoni akitaka, maana nilikuwepo.

Mtambo ukalifunga pendekezo. "Limefungwa kwa kukosa majibu." Asubuhi hiyo Zdravka alijinunulia banitsa na kinywaji cha boza njiani kwenda kiwandani, akala akitembea kando ya mto Maritsa kama bibi harusi. Kitumbua cha mwenzake kimeingia mchanga, na mkono uliotia hauonekani. Ndivyo alivyodhani.

Wiki hazikuwa nyingi, Bilyana akaingia na boksi la chokoleti. Kwetu aliyepata heri ndiye anayewazungushia wengine, na anayechukua hana budi kumtamkia baraka. Boksi likazunguka. Lilipofika kwa Zdravka, kidole chake kikasita juu ya karatasi za dhahabu.

"Kuna nini? Umechumbiwa?"

"Nani anichumbie mimi, dada, na haya macho mekundu ya kompyuta!" Bilyana akacheka, lakini hakumtazama. "Nimepata kazi. Kuna kampuni ya nje, ya mji wa Brno, mita zao za maji zote zinaendeshwa na Vrabche. Wanataka mtu autunze mwongozo wetu, kwa mshahara, akiwa hapa hapa Plovdiv."

Watu wakapiga kelele za furaha. Stamen, mzee wetu wa utani, akamwambia sasa atununulie mashine ya kahawa, ile iliyopo inatema matope. Zdravka alikuwa ameshika chokoleti, ikaanza kuyeyuka vidoleni. Mshahara. Mwongozo wetu. Hapa hapa Plovdiv. Ndoto yake yote ilivyo, haikupungua hata kifungo, imevaliwa na mtu mwingine.

"Iwe ya heri," akasema, kwa sababu mdomo umezoea. Akatoka kwenda ngazini kutafuta hewa.

Ognyan akamfuata. Alikuwa amebadilika rangi, na anapokuwa na jambo gumu huwa anavuta vuta ndevu.

"Dada, ni bora ulisikie kwangu. Waliniandikia mimi kwanza. Walikuwa wanakutafuta wewe."

"Mimi?"

"Wewe, kwa jina. Mtunzaji wa mwongozo wa Vrabche. Nilifurahi kupita kiasi, wallahi. Nikawaambia, kazi yake yote iko wazi, someni anavyokagua, hakuna mkaguzi kama yule. Nikawatumia ulichokagua mwisho. Mimi mwenyewe sikuwa nimekisoma."

Zdravka akashika reli ya ngazi. Akayaona yote kama yalivyo pale wazi, kila mtu duniani akiweza kuyafungua: koma iondoke, koma irudi, picha kubwa, picha ndogo, daftari ya shule, kisha kimya. Na chini ya kila moja, "Asante dada." Watu wa Brno waliyasoma kwa mpangilio wake, tena na tarehe zake. Alifanya fitina yake mahali pasipo na pazia, yeye aliyetufundisha sote kwamba kisichoandikwa hadharani hakikufanyika.

"Wakasema nini?"

"Wakasema hawataki mtu wa kufukuza wageni. Wakauliza, huyu aliyevumilia ni nani."

Kutoka ndani kicheko cha Bilyana kikavuka mlango. Zdravka akakitegea sikio, akitafuta ndani yake kejeli ya kushikilia, kitu chochote kibaya cha kuondoka nacho nyumbani.

"Alijua? Alijua kwamba nafasi ilikuwa yangu?"

"Alijua. Aliwakatalia, dada, tena zaidi ya mara moja. Akawaandikia kwamba kila alichojua kakisoma kwenye kurasa zako, wakupe wewe." Ognyan akatazama chini. "Wao ndio waliokataa."

Zdravka angetukanwa angejua la kufanya. Angechekwa angejua pia. Sasa hata sababu ya kumchukia amenyang'anywa, na wivu upo pale pale, haukupungua hata chembe, ila hauna tena pa kuegemea.

Koti lake lilikuwa ndani, na nje baridi ya Novemba ilikuwa imeanza. Akaingia. Bilyana akasogea kwenye benchi, akampisha nafasi.