Wa Kule na Siku ya Nane

Mganga hajigangi, kinyozi hajinyoi, na fundi wa viyoyozi, kama mnataka kujua, hulala na feni mbovu. Huyu wetu alikuwa na feni mbovu mbili, moja katika kila mji, kwa sababu kwa miaka kumi na mmoja aliishi katika miji miwili: wiki kule, wiki huku. Kampuni ilikuwa na matawi mawili na fundi mmoja tu aliyeielewa mitambo mikubwa, ile inayopoza jengo zima, basi ikamgawa kama mkate. Kila Jumatatu alfajiri pikapu ya kampuni ilipiga honi mlangoni, naye akapanda na begi lake, mitungi ya gesi ikigongana nyuma, na adhuhuri ikamkuta mtu wa mji mwingine.

Miji yote miwili ilikuwa mikubwa na yote ya joto, ila joto lenyewe halikufanana. Mmoja ulikuwa na joto la jasho: humo huvai shati, shati linakuvaa wewe, na kutu inakula skrubu ungali unazitazama. Mwingine ulikuwa na joto la vumbi: midomo inapasuka, na kichujio ulichokisafisha Jumatatu kimeziba Ijumaa. Akiwa jashoni, fundi aliusifu mji wa vumbi. "Kule mtu analala bila chandarua," alisema. Akiwa vumbini akausifu ule wa jasho. "Kule maji ya bomba hayakatiki, jamani." Watu wakachoka. Miji yote miwili, bila kushauriana, ikampa jina lile lile: Wa Kule. Alicheka alipoitwa hivyo, lakini jina lilimchoma.

Tena walimwengu hawaamini kwamba mwanamume anaweza kuwa na vyumba viwili na mke mmoja. Kinyozi wake wa mji wa jasho alimuuliza kila aliponyolewa, "Sasa huyo wa vumbini ndiye mkubwa au ndiye mdogo?" Na huko vumbini shemeji yake, kaka wa mkewe, hakuona haya: "Shemeji, sema tu kweli, huko kule una watoto wangapi?" Laiti wangekiona chumba chenyewe! Kitanda, ndoo, kigoda kimoja, na msumari ukutani wa kutundikia shati. Nyumba ndogo gani hiyo, hata panya alihama?

Mke halisi alikaa mji wa vumbi. Alishona sare za shule sebuleni mwake, na mtaa mzima, mumewe pamoja, ulimwita Mama Sare. Walioana miaka tisa nyuma, wote wakiwa watu wazima waliokwisha kuonja ya dunia. Binti wa mama huyo alikuwa ameshaolewa mbali. Walipatana mno, hata majirani wakawaonea kijicho. Na kwa nini wasipatane? Ugomvi wao wowote uliruhusiwa kuishi siku saba tu. Ulizaliwa Alhamisi, ukapamba moto Jumamosi, Jumatatu honi ikalia, naye Mama Sare akasema, "Basi, tutaongea ukirudi." Akirudi, nani ana hamu ya kupasha moto kiporo cha ugomvi? Wakacheka, wakala, wakalala.

Ndipo Jumanne moja, huko jashoni, meneja akamwita ofisini.

"Fundi, zamu za miji miwili zimekwisha. Wakubwa wanataka kila tawi liwe na fundi wake. Wewe chagua unapotaka, kule kwingine tutaajiri mtu. Nijibu Ijumaa."

"Popote ninapotaka?"

"Popote. Umeitumikia kampuni, hatukulazimishi."

Kumbe mtu hukosa usingizi kwa kupewa anachokitaka! Tangu saa ile Wa Kule hakukaa akakalika. Jumatano aliangusha skrubu ndani ya mtambo, jambo ambalo halijamtokea tangu uanagenzi. Alitoka kazini akapita njia ndefu, akanunua mkate akausahau juu ya kaunta, akarudi kuuchukua akakuta amesahau alikotaka kwenda. Akaingia kwa kinyozi, ingawa kichwa kilikuwa kimenyolewa juzi tu.

"Njia mbili zilimshinda fisi," kinyozi akamwambia.

"Fisi alikuwa na njaa. Mimi nimeshiba kote."

"Basi shida yako imempita fisi." Kinyozi akakung'uta kitambaa. "Lakini mbona swali lenyewe jepesi? Mke si yuko kule?"

"Yuko kule, ndiyo."

"Sasa?"

Wa Kule akasema atafikiri, akaondoka upesi kama mtu aliyeacha jiko linawaka.

Mafundi wana kasoro yao moja: kila kitu wanataka kukipima. Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, aliketi juu ya paa la benki kwenye kivuli cha mtambo, akachomoa fomu ya matengenezo, ile anayoijaza kila siku, akaanza kazi. Penye "Tatizo" akaandika: kuhama. Chini akapiga mstari katikati, jasho kushoto, vumbi kulia. Kodi ya nyumba. Maji. Umeme. Mbu. Kutu dhidi ya vumbi. Umbali wa kwenda kazini kwa miguu. Meneja yupi ana maneno machache. Kinyozi. Usingizi, hapo akaweka alama ya kuuliza pande zote mbili. Mistari ishirini na sita iliyonyooka, alama kila mahali, na mwisho akajumlisha. Vumbi lilishinda kwa alama mbili. Akatia sahihi yake penye "Fundi", akaikunja fomu, akaitia mfukoni mwa ovaroli. Moyo wake ukatulia kidogo, kwa kuwa sasa alikuwa na ushahidi.

Jioni alimpigia mkewe.

"Mama Sare, nakuja kukaa."

"Kukaa vipi?"

"Kukaa. Zamu zimekwisha. Nimechagua huko."

Cherehani, ambayo haikuwahi kunyamaza wakati wa simu, ilinyamaza.

"Sawa," mkewe akasema. "Karibu."

Karibu! Mtu humkaribisha mume nyumbani kwake? Alilitafuna neno hilo usiku kucha.

Ijumaa alimjibu meneja, Jumatatu akahama, na siku saba za mwanzo zilikwenda vizuri kama siku saba zote walizowahi kuishi. Alimrekebishia mlango. Walikwenda kumsalimu shemeji, aliyemuuliza kwa upole kama wale watoto wa kule nao watahama. Lakini Jumapili jioni mwili wake ukaanza kudai. Akachukua begi, akalirudisha, akalichukua tena akajidai analifuta vumbi. Mama Sare alimwona. Alikuwa akikata kola, na mkasi wake ulikuwa ukienda kasi kuliko kawaida.

Jumatatu alfajiri aliamka bila honi. Kazini aliambiwa aanze Jumatano, kwa hiyo hakuwa na pa kwenda. Akafagia ua uliokwisha kufagiliwa. Akaifungua feni, akaifunga, akaifungua tena. Akahamisha meza ya cherehani ipate hewa zaidi, na shati la sare lililokuwa limeshonwa mkono mmoja tu likadondoka, vifungo vikatawanyika chini ya kabati. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema ya nane apewe nini.

"Fundi," Mama Sare akasema akiwa amepiga magoti akivitafuta vifungo, "hebu toka kidogo sebuleni. Nipe hiyo ovaroli niifue."

Akampa. Akatoka uani, akazunguka, akasimama, akazunguka. Aliporudi ndani, ovaroli ilikuwa bado kavu juu ya kiti, na mkewe alikuwa ameshika karatasi.

"Mzee," akaanza. Akimwita mzee, ujue hali imechafuka. "Nimesoma. Mwandiko mzuri. Mbu nimewaona. Kutu nimeiona. Kinyozi nimemwona, tena kapewa alama tano." Akaigeuza karatasi, akatazama na upande wa pili. "Mimi niko mstari wa ngapi?"

Wa Kule akaokota kifungo kimoja sakafuni, akakiweka mezani.

"Na hapa penye sahihi ya mteja, mbona pako wazi? Mteja alikuwa nani?"

"Mama Sare, wewe si wa kuandikwa. Wewe uko kote."

"Mimi siko kote. Niko hapa. Miaka tisa niko hapa, penye mlango huu. Wewe ndiye wa kote." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomtia woga. "Kwa hiyo mbu wangepungua kidogo kule, ungebaki kule? Alama mbili, mzee. Nimepona kwa alama mbili."

Angeweza kudanganya, na mwongo mzuri angepata la kusema. Lakini alikuwa amechoka na ule wasiwasi wa siku kumi na tatu, akaona heri aseme.

"Niliogopa kukuandika. Ningekuandika, karatasi yote ingekwisha kwenye mstari wa kwanza. Ningekuwa nimeshachagua. Kisha ningekuja hapa, ungeniona kila siku, na wewe hujawahi kuniona kila siku. Ungenichoka."

Mama Sare alivuta kiti cha cherehani, akaketi.

"Na mimi naogopa," akasema. "Ulipopiga simu nilisema karibu, na moyo ulikuwa unanidunda. Wiki ya kule mimi hulala katikati ya kitanda. Nakula mkate mkavu na chai, sipiki. Nimezoea. Wanawake wenzangu wananionea wivu, wanasema mume wangu anakuja akiwa mtamu. Ni kweli unakuja ukiwa mtamu. Lakini mama yangu alifariki wiki ya kule."

Wa Kule akainamisha kichwa.

"Nilimzika wiki ya kule. Ulisema mtambo wa hospitali umekufa, watu wanaungua, huwezi kuuacha. Sawa, kazi. Ukaja Jumatatu ile, viti vya msiba vimekwisha kurudishwa. Ukanisaidia kuosha sufuria. Siku saba ukanihurumia sana, na mimi siku saba nikawa nataka kukuambia kitu, nikasema nisikuharibie wiki. Halafu honi." Akakunja ile fomu mara mbili, akaiweka mezani kwa utaratibu kama nguo ya mteja. Akajifuta uso kwa kanga, akageukia cherehani. "Basi. Yamepita. Tutaongea siku nyingine."

Hapo ndipo mwili wa Wa Kule ulipotaka kukimbia. Miguu yote miwili ilimwambia toka, kuna kazi uani, kuna feni, kuna shemeji, kuna mji mzima huko nje. Alifika hadi mlangoni. Barabara ilikuwa tupu, hakuna aliyemngoja, hakuna mji uliomwita. Akaurudisha mlango, akavuta kiti, akakaa karibu kabisa na cherehani, magoti yakigusa meza.

"Ulitaka kuniambia nini?" akauliza.

"Ni refu, Fundi. Na si zuri."

"Sema tu, mke wangu. Sina safari."

Mama Sare akaondoa mguu kwenye kanyagio. Maneno ya miaka mingi hayatoki kwa foleni. Kisha akaanza na siku ile mama yake alipougua, asubuhi, kabla hata daktari hajaja.