Upanga Usio wa Kukata

Fundi wa mageti wa Mutuini haketi. Hata chai huinywa akizungukazunguka kibandani, nyundo ya marehemu kakake mkononi. Mteja wake, Kamene, alimwagiza upanga wa chuma, mrefu kuliko mtu, kama wa shujaa wake wa vibonzo, aende nao mjini kwenye tamasha la kujivika kama mashujaa hao. "Panga kubwa hivi itafyeka nini?" fundi aliwauliza wapita njia wiki nzima, na kwa kuwa kwake panga halitoki butu, akaunoa ukang'aa.

Kamene alipouona aliguna. "Fundi, mbona umenoa? Hii si ya kukata. Yule shujaa huibeba tu. Anaogopa akiiweka chini, wafu wake watamfikia."

"Si apumzike basi, akae kidogo?"

"Kwani wewe hukaa, fundi?"

Fundi alicheka, akavuta kiti, akainama aiweke nyundo chini. Vidole vikakataa kufunguka.